Kiziwi kwa Dakika Saba

Mzee Melkiori alikataa chai kwa siku ya pili. Kikombe kilikuwa sakafuni karibu na mlango wa mahabusu, chai imeshika utando, naye amekaa mbali nacho, mgongo ukutani, macho kwenye dirisha dogo la juu.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta Mwanabaraka.

Konstebo Isaka, aliyeshika funguo, alimtupia jicho. Tangu Ijumaa hakuna askari wa kituo kile aliyemwamkia mtuhumiwa huyo.

"Marahaba, mwanangu. Bado wako nje?"

"Akina nani?"

"Wenye marehemu."

"Leo hawapo. Wanamaliza matanga."

Mzee akashusha pumzi, lakini vidole vyake viliendelea kusugua goti. Usiku wa kuamkia Jumamosi walikuwa wamechoma nyumba yake, na mkewe alikimbilia kwa ndugu zake Manyoni akiwa peku. Jumapili walizunguka uzio wa kituo na fimbo zao za kuchungia, wakakaa kimya kutwa nzima. Ule ukimya ulimtisha Mwanabaraka kuliko matusi. Mtu anayetukana bado anazungumza nawe.

Alivuta kigoda, akaketi mlangoni. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nane, mzaliwa wa Singida mjini, binti wa wauza vitambaa, na mkoa mzima ulimjua kama askari wa kompyuta. Kesi zake zilikuwa za simu zilizoibwa na picha zilizosambazwa. Safari hii waliita jina lake kwa sababu shahidi mkuu alikuwa sanduku.

Sanduku lenyewe lilifungwa juu ya mlingoti kwenye kivuko cha korongo, na king'ora chake pembeni. Kilometa tatu juu yake, chini ya miinuko ya Kilimatinde, kulikuwa na boya. Maji yakiliinua, boya lilipiga ishara moja kwa redio, sanduku likaamka, king'ora kikalia, na watu wa kivukoni wakapata robo saa ya kukimbia. Korongo hilo lilikuwa mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Hata mbingu ikiwa nyeupe hapa kijijini Kintinku, mvua ya huko juu ilitosha kuleta ukuta wa maji wa tope na magogo.

Alhamisi, saa nane mchana, ukuta huo ulimkuta mfugaji Laurenti katikati ya korongo akivusha ng'ombe. King'ora hakikulia. Mwili ulipatikana Ijumaa, umenasa kwenye mzizi. Na kwenye nguzo ya boya ilikutwa kamba ya Melkiori, mlinzi wa mtambo, ambaye mwezi mmoja nyuma aligombana na Laurenti hadharani kwa ng'ombe walioingia kwenye mpunga wake. Kijiji kizima kilijumlisha mambo hayo mawili kabla polisi hawajafungua jalada.

"Nieleze tena habari ya kamba."

"Ng'ombe walikuwa wanajisugua kwenye nguzo. Ikaanza kulala. Nikaifunga kwenye mgunga."

"Ulifunga nguzo au ulifunga boya?"

"Nguzo. Boya nilifunge kwa nini? Si ndilo kazi yangu?"

"Wanasema ulilifunga lisiinuke."

"Wanasema." Mzee alimtazama kwa mara ya kwanza. "Mwanangu, mimi nimeona maji yale yakichukua watu kabla hamjaleta masanduku yenu. Siwezi kumwombea mtu kifo hicho hata awe amekula shamba zima."

Mwanabaraka alisimama. Jibu alikuwa nalo tangu asubuhi, kwenye mfuko wa nailoni wa vielelezo, naye alihitaji kulipeleka kwa mtu mwingine.

*

Mtu huyo alikuwa akimsubiri katika chumba cha maelezo, mbele yake laptopu na sanduku la akiba, ndugu wa lile la kivukoni, pamoja na boya dogo la majaribio. Aliitwa Derick. Ofisi ya mradi wa ving'ora ilikuwa Mandewa, Singida mjini, na yeye peke yake ndiye aliyeandika na kurekebisha kerneli ya masanduku yote, yaani ule moyo wa mfumo unaoamua lini mtambo ulale kutunza betri na lini uamke. Alikuwa kijana mwenye sauti ya chini, na mashati yake yalinyooshwa vizuri hata huku vumbini.

"Nimeshajaribu mara mia mbili na kumi, Inspekta," alisema. "Linalala, nabonyeza boya, linaamka. Halijakosa hata mara moja. Jana si uliona mwenyewe?"

Aliona. Na baada ya kuona, alitia sahihi barua: sanduku la kivukoni ni zima, lirudishwe kazini. Lilirudishwa jana hiyohiyo saa kumi, na mtendaji wa kijiji akatangaza kwa kipaza sauti kwamba kivuko ni salama.

Akatoa kifaa kwenye mfuko wa nailoni. Kilikuwa kitumaji ishara cha redio kilichofunguliwa kutoka kwenye boya la juu, na mahali pake kikafungwa cha akiba.

"Hiki kinahesabu, sivyo?"

"Kinahesabu kila ishara kiliyotuma tangu kifungwe. Kwa ajili ya matengenezo tu."

"Kinasema ngapi?"

Derick alikiunganisha na laptopu. "Saba."

"Na sanduku la kivukoni limepokea ngapi?"

Vidole vyake vilikimbia, kisha vikasita. "Sita."

"Boya lililofungwa kamba halihesabu saba. Lilipanda, likaita, na sanduku halikuitika." Mwanabaraka aliongea taratibu. "Mzee hana kesi. Sasa niambie wewe una nini."

"Mlio mmoja kupotea hewani si ajabu. Redio ni redio."

"Redio ya kilometa tatu, mbingu nyeupe?"

"Inatokea."

"Imetokea mara ngapi kwa mwaka wote?"

Kijana akalamba midomo. "Hii ya kwanza."

"Nini kilibadilika?"

"Hakuna."

"Derick."

Nje, upepo ulisukuma bati. Isaka aliingia na kufunga dirisha kwa sababu karatasi za jalada zilianza kupeperuka.

"Wiki mbili zilizopita," Derick alisema, "niliweka toleo jipya. Betri zilikuwa zinakufa mapema. Nilipanga upya namna sanduku linavyolala. Zamani lilikuwa linaacha sikio la redio wazi mpaka dakika ya mwisho. Sasa linafunga sikio kwanza, linazima modemu ya simu, kisha likishalala kabisa linafungua sikio upya. Lakini ni sekunde moja, Inspekta. Sekunde moja katika kila dakika kumi. Na ishara ikija humo katikati, inatakiwa ikatize usingizi. Nilipima."

"Nionyeshe kumbukumbu za Alhamisi."

Alileta nakala yake kwenye kioo. Kila dakika kumi sanduku liliamka, likatuma salamu Mandewa kwa mtandao wa simu kwamba ni zima, likalala tena. Kulikuwa na mistari miwili kila mara: *naanza kulala*, *nimelala*. Mwanabaraka hakusoma maneno. Alisoma saa. Alizipitisha kwa kidole, saa mbili, saa tatu, saa nne. Kati ya mstari na mstari, sekunde moja. Alipofika saa saba na nusu mchana, kidole kikasimama.

"Hii ni sekunde moja?"

Derick akainama.

"Soma kwa sauti."

"Naanza kulala, saa saba na dakika thelathini na moja." Akashuka mstari. "Nimelala, saa saba na dakika thelathini na nane."

"Na inayofuata?"

"Arobaini na moja. Arobaini na nane."

"Dakika saba," alisema Mwanabaraka. "Dakika saba kati ya kila kumi linahangaika kulala. Kwa nini?"

"Modemu. Kama hakuna mtandao, modemu inakataa kuzimika, inaendelea kutafuta mnara. Kerneli inaisubiri, inaibembeleza, inairudia mpaka ichoke. Lakini hilo haliingiliani na boya, nakuapia, ni njia mbili tofauti."

"Mara zako mia mbili na kumi ulizifanyia wapi?"

"Mandewa. Na hapa, jana."

"Mtandao ulikuwepo?"

Kijana aliitazama antena ya modemu.

"Iondoe," alisema Mwanabaraka.

Derick aliizungusha, ikatoka. Akaliamrisha sanduku lilale. Kitaa cha kijani kikaanza kupepesa: linaanza kulala. Walisubiri. Jana kitaa kilizimika kabla mtu hajavuta pumzi. Leo kilipepesa, kikapepesa.

"Sasa bonyeza boya."

Derick akabonyeza. King'ora kidogo cha majaribio kilikuwa mezani, upana wa kiganja kutoka kwenye mkono wake. Hakikulia.

"Tena."

Akabonyeza tena, akashikilia. Kitaa kikapepesa.

"Labda ishara imewekwa akiba," alinong'ona. "Likimaliza kulala litaiona, litaamka."

Wakasubiri dakika saba kamili wakiitazama saa ya ukutani. Hakuna aliyeketi. Kitaa kikazimika. Sanduku likalala, na likabaki limelala.

Derick akafungua mistari ya kerneli, akapandisha, akashusha, akarudi palepale.

"Nafuta," alisema. "Likifungua sikio upya, kwanza linafuta chochote kilichofika wakati limefungwa. Niliandika hivyo ili mikwaruzo ya redio isiliamshe bure. Nilidhani ni sekunde moja tu..." Akaketi. "Boya linaita mara moja. Likiita ndani ya zile dakika saba, wito unafutwa. Halafu halirudii."

"Kwa hiyo siku ya jua ni zima."

"Zima kabisa."

"Na siku mtandao unapokatika?"

Derick akatoa simu yake mfukoni na kuitazama. Mwanabaraka akatoa yake. Pale juu, penye vijiti vya mtandao, palikuwa na alama ya mkasi: hakuna mtandao.

"Isaka! Mtandao umekatika saa ngapi?"

Isaka alichungulia kutoka korido. "Kama nusu saa sasa, afande. Mnara wetu unapokea kutoka kule juu Kilimatinde. Wingu likikaa pale, huwa tunakatika. Tumezoea."

Mwanabaraka alifungua dirisha lililofungwa na konstebo. Juu ya Kintinku mbingu ilikuwa nyeupe, jua linachoma. Upande wa magharibi miinuko haikuonekana. Palikuwa na weusi umeshuka mpaka chini, umetulia, na ndani yake kitu kikawaka bila sauti.

Barua yenye sahihi yake ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kijiji.

"Nani yuko korongoni leo?"

"Watu wa matanga, afande," Isaka alisema. "Filipo, kaka yake marehemu, alipita na punda asubuhi. Wanachimba maji mchangani kwa ajili ya wageni. Na wanawake, na watoto."

"Wanachimbia wapi?"

Isaka alitikisa kichwa; hakujua. Yeye alihamia Februari, kutoka Issuna.

Sauti ikatoka nyuma ya nondo, mwisho wa korido. "Kwenye kona, chini ya kivuko. Ukiwa barabarani huwaoni. Kuna njia ya ng'ombe." Mzee Melkiori alikuwa amesimama, ameshika nondo kwa mikono miwili. "Nipeleke, mwanangu."

"Afande, wakimwona huyu watamuua," Isaka alisema.

"Fungua mlango."

*

Land Cruiser la kituo lilikata njia ya ng'ombe huku matawi ya miiba yakichana ubavuni. Isaka aliendesha. Derick alikuwa nyuma, laptopu kifuani. Mzee alikaa mbele, akielekeza kwa kidevu, pingu mikononi, na jinsi walivyozidi kukaribia ndivyo alivyozidi kutega sikio. Mara akasema, "Zima gari."

Likazimwa. Mwanabaraka hakusikia kitu. Kisha akahisi upepo umegeuka, unatoka juu ya korongo, wa baridi, na ndani yake harufu ya udongo uliolowa mahali ambapo hapakuwa na tone.

"Maji yameshapita boya," alisema mzee. "Washa."

Walitokea ukingoni. Mlingoti ulikuwa palepale, king'ora kimegeukia mtoni, kimya. Kitaa cha kijani cha sanduku kilipepesa. Derick aliruka kabla gari halijasimama, akapanda ngazi, akafungua kifuniko, akagandamiza kitufe chekundu cha majaribio. Akagandamiza tena kwa ngumi.

"Halisikii!" alipiga kelele. "Kitufe nacho kinapita kwenye kerneli hiyohiyo!"

Chini, mita mia mbili hivi, mchanga ulikuwa umejaa watu. Mwanabaraka alijaribu kuhesabu, akaishia ishirini na kitu. Wanawake walikuwa ndani ya mashimo hadi kiunoni, wakichota kwa kata. Punda wanne. Watoto wawili wakikimbizana na ndoo. Wanaume wa matanga walikuwa kivulini upande wa huku, chini ya ukingo.

Isaka alibonyeza honi, hakuachia. Mwanabaraka alipiga kelele mpaka koo likakwaruza. "Maji! Tokeni! Maji yanakuja!"

Vichwa vikainuka. Mwanamke mmoja akapunga mkono. Akaelekeza kidole kwenye mlingoti, akamwambia jambo mwenzake, na wote wawili wakainamia tena shimo lao. King'ora hakijalia. Walikuwa wamefundishwa mwaka mzima kusubiri king'ora, na jana wameambiwa kwa kipaza sauti kwamba ni kizima.

Mwanabaraka akaanza kuteremka. Mkono ukamshika begani.

"Utafika pamoja na maji," alisema Mzee Melkiori. "Nifungue hizi."

"Mzee..."

"Nifungue!"

Alifungua. Ufunguo ulimponyoka mara moja, akauokota. Mzee akavua shati, akasogea hadi ukingoni kabisa, mahali penye jua, ambapo kila jicho lingemwona, akapaza sauti kwa Kigogo, sauti kubwa ya mtu aliyeita mifugo maisha yake yote. Mwanabaraka hakuelewa ila jina la Laurenti. Isaka, ambaye mama yake alikuwa Mgogo, aliachia honi.

"Anasema nini?"

"Anasema ni yeye aliyemuua." Macho ya konstebo yalikuwa yametoka. "Anasema alifunga boya kwa mkono wake. Anasema kama kuna mwanamume kwenye ukoo wao, aje."

Korongoni vichwa vikainuka tena. Kisha wale wanaume wa kivulini wakasimama wote kwa pamoja. Filipo alitangulia, fimbo juu, na nyuma yake wakafuata wengine, na wanawake nao wakatoka mashimoni, kata zikitupwa, wakipandisha ukingo kwa mikono na magoti, wakipiga mayowe. Watoto wakafuata mama zao. Mzee aliendelea kuwatukana. Alikuwa akirudi nyuma hatua moja moja, akiwavuta mbali na ukingo.

Wa kwanza walimfikia kwenye bampa la gari. Mwanabaraka akajitupa katikati, fimbo ikamshukia kwenye bega, mkono mzima ukafa ganzi. Isaka alipiga risasi moja juu.

Haikusikika vizuri. Sauti nyingine ilikuwa imeshaizidi.

Maji yalitokea konani yakiwa na urefu wa mtu, ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba mgunga mzima na mizizi yake. Hayakuwa na haraka. Yalijaza korongo kutoka ukingo hadi ukingo, yakapita juu ya mashimo, kata na ndoo. Punda mmoja aliyekuwa amefungwa kwenye kigingi aliinua kichwa, halafu hakuwepo.

Filipo alisimama, fimbo bado imeinuka, akiangalia pale alipokuwa ameketi muda mfupi uliopita. Mwanamke mmoja alianza kuita watoto kwa majina, na kila aliyeitwa alijibu. Aliita wa mwisho mara mbili. Mtoto alikuwa nyuma yake, ameshika khanga yake.

Filipo akamgeukia mzee, aliyekaa chini sasa, mgongo kwenye tairi, damu ikitoka kwenye nyusi.

"Umesema umemuua ndugu yangu."

"Nimesema."

"Ni kweli?"

Mzee alijifuta jicho kwa kiganja. "Ningewaambieni maji yanakuja, mngetoka?"

Filipo alitazama watu wake mmoja mmoja, kama anayetafuta ambaye angejibu kwa niaba yake, kisha akaiweka fimbo chini, polepole, kwa mikono yote miwili.

Derick alikuwa bado juu ya ngazi, amekumbatia mlingoti. Mwanabaraka alimwendea akishika bega.

"Mengine yako wapi?"

"Kumi na moja, Inspekta." Hakumtazama. Alikuwa akitazama miinuko, na lile wingu lililokuwa likitanda kuelekea kaskazini. "Yote nimeyawekea toleo lilelile. Yote, ndani ya wiki moja."

Mwanabaraka aliinua simu. Mkasi ulikuwa bado palepale. Akamwita Isaka, akamkabidhi ufunguo wa pingu, kisha akatoa kalamu na karatasi.

"Mzee akae mbele, mtafutie maji ya kunywa. Wewe," akamwambia Derick, "shuka. Utaandika majina ya makorongo yote kumi na moja, kuanzia lililo karibu. Andika huku tunakwenda."

Kijana alishuka, akachukua kalamu, akainamia boneti la gari. Aliandika jina la kwanza, akalikata, akaandika lingine. Filipo ndiye aliyemshikia karatasi isipeperuke.